Mkitaka habari ya msitu, lipeni nauli mara mbili

Rafiki yangu wa Goma hucheka kila nikimwambia naandika makala. Kwao makala ni mkaa. Siku niliyomtumia habari yangu kuhusu mkaa akajibu: "Kumbe umeandika makala juu ya makala." Nilicheka, ila utani wake haukunitoka. Mkaa na habari za msituni vyote huliwa mjini, na aliyevitolea jasho ndiye hupata kidogo.

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea hapa Tanga. Watu huniuliza wafanyeje kusaidia habari za mazingira, hasa walio nje ya nchi wenye chochote cha kuchangia. Mfuko mkubwa ninaoujua, ule ulioanzishwa 2018 chini ya Pulitzer Center, shirika la Marekani linalofadhili uandishi wa habari, ulilenga Amazon, bonde la Kongo na Asia ya Kusini-Mashariki. Usambara Mashariki haimo. Na ndiyo milima inayotunywesha: Mto Zigi unashuka kutoka misitu ya Amani hadi bwawa la Mabayani, halafu maji yanakuja bombani kwako Ngamiani, hapa Tanga mjini. Kwa hiyo tumebaki kuchangishana wenyewe.

Mara ya kwanza nilipanda Amani kwa gari la mradi, posho ya mradi, na wakulima wamepangwa kwenye viti vya plastiki wanieleze walivyoelimika. Jioni nikarudi, nikaandika waliyosema. Hakukuwa na uongo mle. Hakukuwa na mtu pia.

Mara ya pili, watu kumi na wawili wa kundi la tuliosoma pamoja walitoa shilingi 20,000 kila mmoja. Nikapanda basi hadi Muheza, kisha bodaboda, nikalala siku tatu. Siku ya kwanza nilipewa hotuba zile zile. Siku ya tatu mvua ilitufungia jikoni kwa mama mmoja mkulima wa iliki. Akavuta ungo, akachukua punje, akaipasua kwa ukucha. Mbegu zilikuwa nyeupe, zimesinyaa.

"Hii imechumwa kabla ya siku zake," akasema. Akiiacha iive, wezi wanaiwahi usiku. Akiichuma changa, dalali anataja bei anayotaka, na ikikauka uzito wote unapotea.

Iliki kule hulimwa chini ya kivuli cha miti mikubwa. Si zao la kitakatifu, maana miche ya miti hufyekwa pamoja na magugu. Lakini miti mikubwa hubaki imesimama. Baada ya miaka kadhaa mavuno hushuka, na mwenye shamba lililochoka na mfuko mtupu huanza kuitazama ile miti kama kizuizi cha jua la mahindi.

Nilirudi mjini nimeshapata mwizi wangu: dalali. Bahati nzuri nilikuwa nimebakiza nauli ya kurudi. Baada ya wiki tatu nilipanda tena, nikamsomea mama rasimu. Akanikatiza. Dalali ndiye anayemkopesha ada ya shule Januari, na deni hulipwa kwa iliki, imeiva au haijaiva. Habari nzima ilibadilika hapo, kwa gharama ya bodaboda na chakula cha siku moja.

Ndiyo maana nawaambia wachangiaji: kabla ya kulipia warsha au fulana zenye nembo, lipieni safari ya pili. Na mwandikiane makubaliano. Mchangiaji hasomi habari kabla ya mhariri, na mwenye biashara inayoguswa na habari aseme mapema. Mmoja wetu huuza viungo, akataka aya ya bei iondolewe. Tulimrudishia 20,000 zake. Bado tunasalimiana.

Kwako mnunuzi, jambo nililojifunza ni dogo. Ukinunua iliki ya pilau, omba kupasua punje moja. Mbegu nyeusi zinazonata na kunukia zilisubiriwa shambani. Ongeza kidogo kwa hiyo, na mwulize muuzaji imetoka wapi. Wengi hawajui, na wengine watakununia. Sidai kwamba punje moja inaokoa msitu. Ila muuzaji akiulizwa na wateja kumi kwa wiki, atamwuliza dalali.

Habari ilipotoka gazetini nilimpigia yule mama kwa furaha. Akauliza itasikika lini. Gazeti halifiki kwake, na redio ya hapa ilitaka pesa ya muda wa hewani ambayo hatukuwa nayo. Siku hizi tukichangishana, fungu la redio linatengwa kwanza, kabla hata ya nauli yangu.