Santuri za mzee zinalia kidogo sana

SWALI: Shikamoo. Marehemu babu alituachia santuri za rumba na taarab, nimepata plea ya mtumba nikaichomeka kwenye sabufa ya sebuleni ila sauti ni ndogo na haina besi kabisa. Ninunue spika kubwa? Hela yenyewe ya kubana. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu, spika achana nazo kwanza! Sindano ya plea inatoa umeme mdogo mno, kama milivolti 5 hivi, na santuri hurekodiwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi ili mifereji isiwe mipana, kwa hiyo lazima upitishie kwenye priamp ya fono, yaani sakiti ya kukuza huo umeme mdogo, ndo besi irudi. Angalia nyuma ya plea kama kuna swichi imeandikwa PHONO/LINE, ikiwepo basi priamp imo humo ndani, iweke LINE umemaliza, isipokuwepo tafuta amplifaya ya zamani yenye tundu la PHONO, mafundi wa redio wanazo.

Hela itakayobaki nunua sindano mpya. Tafadhali sana, usizipige hizo santuri kwa sindano iliyochakaa, inakwangua mifereji na haitengenezeki tena.