Trekta halinyanyui jembe? Pima oili kwanza, habari ya pampu baadaye

Msimu wa kulima ukianza huku Dakawa, Morogoro, simu ninazopigiwa na wenzangu wenye matrekta zinafanana: "Kaka, haidroliki imekufa, fundi anasema ni pampu." Mimi huuliza oili ya mfumo huo wa kunyanyulia jembe ilipimwa lini. Wengi hawakumbuki. Oili ya injini wanaipima kila asubuhi, ila ile ya nyuma wanaichukulia kama kitu alichokiweka Mwingereza kiwandani, kikaisha hapo.

Ninazungumzia matrekta ya zamani, hasa Massey Ferguson 135, kwa kuwa ndilo ninalolimia. Lilianza kutengenezwa mwaka 1964, na mengi bado yako kazini. Kwenye trekta hili oili ya giaboksi, ya difu na ya haidroliki ni moja. Pampu imekaa humohumo ndani, imezama kwenye oili hiyo. Unga wa chuma unaosagika kwenye gia unaweza kuifikia pampu, na ile oili nzito mtu anayomimina ili gia zisipige kelele, ndiyo pampu inayolazimishwa kuivuta. Mwenye Ford 5000 yuko tofauti kidogo: giaboksi ina oili yake, na difu na haidroliki zina yake. Akiona ya giaboksi inapanda bila kuongezwa huku ya nyuma inashuka, ajue sili iliyo katikati imechoka.

Kabla hata ya kugusa oili, angalia liva ya PTO, yaani shafti ya nyuma inayoendesha zana. Pampu ya 135 inazungushwa na shafti ya PTO, kwa hiyo liva ikiwa katikati, mikono ya nyuma hainyanyui chochote hata uvute mpaka kesho. Na kama trekta lako lina klachi ya hatua mbili, ukiikanyaga mpaka chini pampu nayo inasimama. Kuna watu wametoa hela ya fundi kwa jambo hili, tena fundi naye akapokea.

Liva ikiwa sawa, pima. Simamisha trekta pahali tambarare, shusha jembe, zima injini, subiri kama dakika kumi na tano oili itulie. Kijiti cha kupimia kiko upande wa kulia, chini ya kiti. Futa vizuri sehemu yote inayokizunguka kabla ya kukichomoa, maana udongo wa majaruba ya mpunga ukikauka pale unasubiri tu kudondokea ndani. Kama unavuta trela la kumwaga linalotumia haidroliki ya trekta, hakikisha bodi limeshuka. Likiwa juu, lita kadhaa ziko kwenye jeki ya trela. Ukijaza hapo, trela likishuka oili itakuwa imepitiliza.

Hapohapo kwenye trela kuna jambo watu hawaliwazi. Trela la kuazima linakuja na oili ya trekta la mwenzako, na uchafu wake wote. Ukiunganisha mpira wa haidroliki, oili zenu zimeshachanganyika. Mimi trela siazimi kwa mtu ambaye sijaona oili yake, wala simuazimi, na wapo wanaoniona nina roho mbaya.

Usiishie kusoma alama kwenye kijiti. Iangalie oili yenyewe. Ikinuka kuungua na imekuwa nyeusi, imeshachoka. Ikiwa na mapovu mengi, pampu inavuta hewa: ama oili imepungua, ama ni nzito mno, ama kuna sehemu inapitisha hewa kwenye njia ya kuvutia. Dalili yake ni mlio wa kulialia na mikono kupanda kwa kurukaruka. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, hayo ni maji.

Kwetu sisi wa mpunga, maji ndiyo adui mkubwa. Yanaingia kupitia mpira uliochanika kwenye liva ya gia, kwenye sili zilizokwisha, au kwa mvuke unaoganda ndani usiku trekta likipoa. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yakipata muda yanakaa chini. Asubuhi, kabla hujawasha, weka chombo safi chini ya bolti ya kumwagia na uilegeze taratibu bila kuitoa. Kama yapo yaliyotengana, yatatangulia yenyewe; oili ikianza kutoka, kaza. Fanya hivyo kila baada ya kazi ya majaruba. Lakini oili ikishakuwa nyeupe, kulegeza bolti hakusaidii tena: maji yamechanganyika nayo, na dawa ni kumwaga yote.

Kumwaga yote ni kinyume chake, unamwaga ikiwa ya moto, ukitoka shambani, ili uchafu utoke nayo badala ya kubaki umelala chini. Bolti za kumwagia ni zaidi ya moja. Ukifungua ya difu peke yake, oili chafu inabaki kwenye giaboksi na inaharibu mpya. Mwambie fundi afungue kifuniko cha pembeni, asafishe chujio la wavu la pampu kwa dizeli na brashi. Matambara yenye nyuzi yasiingie humo. Chujio lililoziba linatoa dalili zilezile za pampu iliyokufa, na kulisafisha hakuna bei ya kutisha.

Oili ya kuweka ni ile ya matrekta inayofanya kazi ya gia na haidroliki kwa pamoja. Kwa Massey ya zamani, angalia kwenye dumu kama pameandikwa M1135, ndiyo namba ya kiwango cha oili cha Massey, au namba ya baadaye ambayo mtengenezaji wa oili anasema inachukua nafasi yake. Muuza duka akikwambia "oili ni oili", nenda duka jingine. Ile nzito ya difu za malori usiiweke: pampu inapata shida kuivuta, na baadhi yake zina kemikali zinazokula vipande vya shaba. Inaingia zaidi ya lita 30, kwa hiyo najua inauma mfukoni. Mimi hununua kidogokidogo baada ya mavuno, bei ya mpunga ikiwa nzuri, na nachagua dumu ambalo lakiri yake haijaguswa.

Ukiwa unaongeza kila wiki, kuna mahali oili inavujia. Tazama ndani ya magurudumu ya nyuma: sili za ekseli zikivujisha, oili inaingia kwenye breki, na trekta lenye trela la magunia halitasimama unapotaka. Mipira ya trela ikaguliwe kwa kipande cha boksi, usipapase kwa mkono, kwa sababu oili yenye presha inatoboa ngozi. Ile chafu uliyoimwaga usiielekeze mfereji wa skimu ya umwagiliaji; maji hayo yanaingia kwenye jaruba la jirani.