Aqua yangu miaka minne: mafuta niliyookoa na betri niliyoilipia

"Sasa hili unachaji wapi?" Mlinzi wa kazini kwetu alilizunguka gari mara mbili akitafuta tundu la kuchomeka waya. Halipo. Toyota Aqua ni haibridi: unaweka petroli sheli kama watu wote, na ile betri kubwa chini ya kiti cha nyuma inachajiwa na injini pamoja na kila unapokanyaga breki. Nimeshalijibu swali hilo mara nyingi kiasi kwamba nimeona bora niandike yote, na yale ambayo huwa siyasemi.

Nakaa Mbezi, kazi iko Posta. Ukiweka na mzunguko wa kupeleka watoto shule, ni kama kilomita 50 kwa siku, nyingi za kusogea hatua mbili na kusimama dakika tatu. RunX yangu ya zamani ilikuwa inanipa kilomita 10 kwa lita, siku ikiwa na tabia njema. Aqua inanipa 18 mpaka 20. Foleni ndiko kwake: gari likisimama injini inazima, ukisogea taratibu linakwenda kwa umeme. Kiyoyozi nacho kinakula betri hiyo hiyo, kwa hiyo joto la Februari injini huwaka kila baada ya muda mfupi kurudisha chaji, lakini bado huwezi kulinganisha.

Kwa kilomita 1,200 za mwezi, RunX ilikunywa lita 120, Aqua 63 hivi. Petroli ukiihesabu shilingi 3,000 kwa lita (EWURA hubadilisha kila mwezi, wewe weka ya kwako), ni kama 170,000 zinazobaki mfukoni. Kwa mwaka, milioni mbili. Tena ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo anayechoma lita chache anapona hata hapo.

Ningeishia hapa mngeniona mjanja. Mwaka wa tatu nikaanza kusikia feni inavuma nyuma. Nikadhani ni kiyoyozi, nikaongeza sauti ya redio. Wiki chache baadaye, napanda daraja la juu la Ubungo, dashibodi ikawaka pembetatu nyekundu na gari likawa zito kama limefunga mkokoteni. Mashine ya kupimia ikasoma P0A80, yaani betri kubwa imechoka. Wenye haibridi wanaijua hiyo namba kama wanavyojua namba ya luku yao.

Fundi wa kwanza aliniambia, "Bosi, seli mbili tu zimekufa, tunabadilisha leo leo." Laki tatu. Zilidumu miezi minne. Sikuwa nimejua kwamba betri ya Aqua ni moduli 20 (ndizo fundi alizoziita seli) zilizofungwa kwa mfululizo. Ukiweka mbili zenye nguvu katikati ya 18 zilizochoka, inayofuata kufa iko njiani tayari. Fundi wa pili ndiye aliyefungua feni ya betri kabla ya kunitajia bei. Humo ndani mlikuwa na vumbi lililoshikana kama pamba, nywele na karatasi za pipi. Betri ile inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari inayovutwa kupitia kitundu kilicho pembeni ya kiti cha nyuma, na kitundu hicho kwa miaka mitatu kilikuwa kimezibwa na mabegi ya shule na kanga ya mama watoto. Betri nyingine nzima, pamoja na ufundi, ilinitoka milioni mbili na ushee. Ile laki na sabini ya kila mwezi nilikuwa nimeshaila. Nikakopa kikoba.

Ndiyo maana nikiulizwa "ninunue?", nauliza kwanza kama mtu anaweza kuweka pembeni nusu ya anachookoa. Kama hawezi, Vitz ya kawaida isiyo haibridi itamgharimu zaidi kidogo sheli, lakini gereji itamsumbua kidogo sana. Na asidanganywe na bei za Japani za Prius za zamani. Gari likizidi umri, ushuru wa uchakavu unamsubiri bandarini.

Kosa lingine ni la miguu na mikono yetu. Kwenye foleni tumezoea kuweka N ili kupumzisha mguu. Haibridi ikiwa N haichaji betri, hata injini ikiwa inanguruma. Acha D, kanyaga breki. Kuna pia betri ndogo ya volti 12; ikilala, gari lote limelala ingawa betri kubwa imejaa. Na ukiomba kuwashiwa na gari la mwenzio, usikubali mtu abahatishe nyaya: zikigeuzwa unaweza kuunguza inverta, kile kifaa kinachougeuza umeme wa betri uendeshe mota, na hiyo ni stori nyingine ya milioni. Breki, kwa upande wake, sijazigusa bado, kwa sababu kazi kubwa ya kupunguza mwendo inafanywa na mota.

Safari za mkoani faida hupungua. Kwenda Iringa mwendo ni mmoja, hakuna cha kuzima na kuwasha, na kwenye kupanda Kitonga betri inaisha mapema ukabaki na injini ndogo inayolia. Wakati wa kushuka, betri ikijaa mota haisaidii tena kuzuia, weka gia ya B mapema ili injini ndiyo izuie. Tumbo nalo liko chini. Matuta ya mtaani kwetu nimeyasalimia yote.

Kuna rafiki yangu wa Mikocheni aliyeruka haibridi akaenda moja kwa moja kwenye Nissan Leaf ya umeme mtupu. Betri yake haina maji ya kupooza, na joto la Dar limeila: vile vipande 12 vya dashibodi vinavyoonyesha afya ya betri vimebaki 8. Ikijaa inamfikisha kama kilomita 75, kwa uniti 17 hivi. Kwa luku ya kawaida hiyo haifiki shilingi 6,500, wakati mimi umbali huo nachoma kama 12,000. Ila kama nyumba yako bado iko kwenye bei nafuu ya wateja wadogo, uniti 75 kwa mwezi, jua kwamba chaji za wiki moja tu zitakupandisha daraja. Anachaji usiku kwenye soketi ya kawaida, mjini hana shida kabisa, na ananicheka nikipanga foleni sheli.

Jumamosi iliyopita alipata msiba Bagamoyo. Alikuja asubuhi na mapema kuazima Aqua, akairudisha usiku ikiwa na mafuta robo tenki na begi la mtoto wake limeziba kile kitundu.