Diski moja ya nje haitoshi

Ndugu, umeuliza kama diski ya nje ya TB 1, unayoiacha imechomekwa muda wote, inatosha kutunza picha na hesabu za duka. Haitoshi. Umeme ukipiga shoti, au kikiingia kile kirusi kinachofunga mafaili na kudai pesa, kompyuta na diski vinaondoka pamoja. Mwizi naye habagui.

Kwenye Windows washa File History; imo humo humo, hulipii. Kila saa hunakili mafaili yaliyobadilika na kubakiza matoleo ya zamani, kwa hiyo ukivuruga hesabu za leo unarudisha za jana. Ila inachukua Documents, Pictures, Desktop na wenzake tu, usipoyaongeza mengine. Mimi kazi zangu nilizirundika kwenye diski D: ya kompyuta, nje ya hayo. Diski ilipoanza kugonga tik-tik nikakimbilia nakala, nikakuta picha za harusi peke yake, kazi hakuna.

Tafuta diski ya pili, uzipokezane kila Jumapili. Moja ikae kwa dada yako. Ukibadilisha, ichague upya ndani ya File History, la sivyo itaendelea kuisubiri ile ya kwanza. Na leo hii rudisha faili moja, uone kama linafunguka.