Swali la lugha: Aliolewa, aliozwa au walioana?

SWALI: Naandika tasnifu ya uzamili hapa Dodoma, nahakiki riwaya za Kiswahili kwa nadharia ya ufeministi. Niliandika "Tabu alimwoa Juma", msimamizi akaikata: mwanamke haoi, huolewa. Nikiandika "aliolewa" naona namdunisha mhusika ninayemtetea. Je, niandike "walioana" kila mahali?

JIBU: Dada, msimamizi wako amekueleza matumizi ya wengi, ila sababu yake hakuigusa. "Kuoa" hakufuati maumbile. Kunamfuata anayeposa, anayetoa mahari na kumleta mwenzake kwake. Watazame Wakurya wa Mara. Katika ndoa ya nyumba ntobhu, mama asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe wa mahari na kumleta binti nyumbani kwake, na watoto watakaozaliwa huhesabiwa wa nyumba hiyo. Kwa Kiswahili tunasema "mama yule ameoa", na hakuna anayeguna. Kinyume chake, mwanamume aliyehamia kwa mkewe na kutunzwa naye, vijiweni huambiwa "ameolewa". Kejeli hiyo inamchoma kwa sababu imemweka mahali pa asiye na mali wala kauli. Hapo ndipo mhakiki wa kifeministi ana kazi ya kufanya.

Kwa hiyo "Tabu alimwoa Juma" inasimama ikiwa riwaya inaonyesha Tabu ndiye aliyeposa na kugharimia. Kama ni ndoa ya kawaida tu ya bomani au kanisani, sentensi yako itamhangaisha msomaji bure.

"Kuolewa" kusikutishe. "Tabu alikataa kuolewa": kiima ni Tabu, na uamuzi ni wake. Neno la kulikazia macho ni "kuozwa", au "kuozeshwa" kama wengi wanavyosema. Tabu akiozwa, kuna baba, mjomba au kaka aliyemwoza, na yeye hakuulizwa. Tofauti ni ya herufi moja au mbili, lakini imebeba maisha ya mtu. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya mzazi, huku mvulana akisubiri afikishe 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Binti wa umri huo akitolewa shuleni kwa ajili ya ng'ombe, anayeandika "aliolewa" amewaficha waliomwoza. Anayeandika "walioana" amekosea zaidi, maana "-ana" inadai kwamba wawili hao walitendeana sawa kwa sawa. Ndiyo maana nakusihi usiitumie kila mahali. Iweke kwa wahusika waliochaguana kweli.

Maneno ya kazi unayoihakiki, lakini, usiyaguse. Mwana Kupona binti Msham alimwusia binti yake kwa utenzi, yapata mwaka 1858, namna ya kuishi na mume. Wapo wahakiki wanaosoma humo unyenyekevu mtupu, na wapo wanaomwona mama mwenye mamlaka ya kutunga na kufundisha. Wanaweza kubishana kwa sababu beti zimeachwa kama zilivyo. Nawe fanya hivyo hivyo: mwandishi akisema "aliolewa", nukuu "aliolewa", kisha kwa sauti yako mwenyewe onyesha, kwa matukio ya sura hiyo hiyo, kwamba aliozwa.