Kabla ya kutafuta kozi ya sheli, tafuta kazi inayokuchosha

Msomaji wa Mbagala ameniuliza: "Kaka, sheli nianze na kozi gani?" Sheli, yaani programu ya kuiamuru kompyuta kwa maandishi, kozi yake iache kwanza, mdogo wangu. Niambie ni kazi gani ya kompyuta inakuchosha kila siku.

Yangu ilikuwa ankara. Nilikuwa ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, na kila jioni wenzangu wakikimbilia mwendokasi, mimi nabaki Posta kunakili ankara za siku, moja moja, kwenye folda yenye tarehe. Siku nilipochoka kabisa nikaandika haya:

#!/bin/bash
leo=$(date +%F)
mkdir -p "$HOME/nakala/$leo"
cp "$HOME"/ankara/*.pdf "$HOME/nakala/$leo/"

Mstari wa kwanza unasema faili lisomwe na Bash, sheli aliyoiandika Brian Fox, ikatoka 1989. Wa pili unaiweka tarehe ya leo kwenye kigeu, yaani jina linalobeba thamani; hapa jina ni leo. Usiache nafasi kabla wala baada ya alama ya sawasawa, utaambiwa amri haipo. Wa tatu unatengeneza folda ya tarehe hiyo, wa nne unanakili ankara humo. Hifadhi kama nakala.sh, toa ruhusa ya kuliendesha kwa chmod +x nakala.sh, endesha kwa ./nakala.sh. Basi.

Alama za kunukuu usizidharau. Ukiwa na faili liitwalo Ankara ya Machi.pdf ndani ya kigeu, bila alama hizo Bash inaona majina matatu.

Baadaye nikaikabidhi kazi kwa cron, programu inayoendesha amri kwa ratiba: 30 17 * * 1-5, yaani saa kumi na moja na nusu jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa umeme wetu huu, jua kwamba mashine ikiwa imezimwa saa hiyo, cron hairudii ikiwaka.

Skripti, yaani faili hilo la amri, ilifanya kazi vizuri mno. Kwenye kikao cha mwisho wa mwaka mshauri kutoka nje akapigiwa makofi kwa "mfumo mpya wa nyaraka". Mfumo gani? Mistari yangu minne! Mimi nimekaa nyuma na soda yangu. Mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo vijana, chini ya mstari wa kwanza wekeni alama ya #, kisha jina na tarehe. Bash inauruka mstari huo, binadamu anausoma. Na acheni kukusanya vyeti wakati folda zenu bado mnazipanga kwa mkono.

Laptopu huna? Weka Termux, programu inayokupa sheli, kwenye simu ya Android, Bash imo. Pale mstari wa kwanza uandike #!/usr/bin/env bash, halafu endesha kwa bash nakala.sh.