Kiongozi wa wanafunzi hafundishwi kwa semina, mpeni kitu cha kuamua

Kila mwaka wa masomo ni yaleyale. Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi ukiisha tu, washindi wanaitwa ukumbini kwenye semina elekezi, anakuja mtoa mada na slaidi zake za sifa za kiongozi bora, watu wanapiga picha, wanagawiwa vyeti, basi imeisha hiyo. Wakirudi ofisini kwao hawajui hata pesa ya serikali yao inakaa akaunti gani na nani anasaini. Mimi hii kitu nimeiona pande zote mbili, nilikuwa bunge la wanafunzi nikapelekwa kamati ya fedha, alafu baadae nikafanya kazi miaka kadhaa kwenye ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi, kwahiyo nikisema semina zile hazisaidii sana sisemi kwa kusikia.

Kinachosaidia ni mwanafunzi kupewa jambo la kweli la kuamua, lenye pesa ndani yake au lenye watu watakaonuna akiamua vibaya, alafu afundishwe kazi yenyewe ya kuamua. Na hizo ni kazi za kuchosha kweli, kuandaa ajenda, kuandika muhtasari wa kikao unaoeleweka, kujua akidi ni nini (idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali) na kwanini kikao bila akidi ni gumzo tu, kusoma bajeti mpaka mstari wa mwisho. Hamna anayepigiwa makofi kwa kuandika muhtasari ila ndo uongozi wenyewe huo.

Chukua mfano wa uwakilishi. Vyuo vingi vina mwanafunzi kwenye seneti au kwenye baraza la chuo, kwenye makaratasi inapendeza kabisa. Sasa nenda kaangalie anavyokaa pale. Kabrasha zito kama matofali amelipata jana yake usiku, wamemzunguka maprofesa wanaoongea kwa vifupisho, yuko peke yake, anaitikia kila kitu mpaka kikao kinafungwa, akitoka wenzake wanamuuliza umetusemea nini hana jibu wanamwita msaliti. Dawa yake wala haina gharama. Kabrasha limfikie wiki moja kabla kama linavyowafikia wengine, mtu wa utawala akae nae saa moja amfafanulie hoja zilizomo bila kumwelekeza upande wa kupigia kura, na wawakilishi wawe angalau wawili, maana mtu mmoja kwenye meza ya wakubwa hunyamaza ila wakiwa wawili mmoja akianza mwenzie anaongezea. Tulipofanya hivyo ofisini kwetu maswali yalianza kutoka vikao vya mwanzo tu, na baadhi yalikuwa makali kuliko ya wajumbe wazoefu!

Kuna watu wakisikia hivi wanasema wanafunzi wanadekezwa. Wasome historia kidogo. Bologna ya zama za kati, wanafunzi ndo waliokuwa wanamchagua rekta, yaani kiongozi mkuu wa chuo, kutoka miongoni mwao na mwalimu akichelewa kuanza kipindi anatozwa faini. Na Córdoba, Argentina, mwaka 1918 wanafunzi waligoma wakadai nafasi katika kuendesha chuo, na mtindo wa wanafunzi, walimu na wahitimu kukaa pamoja kwenye uongozi wa chuo ukasambaa nchi nyingi za Amerika ya Kusini. Sisemi turudishe faini kwa walimu (ingawa wapo wawili watatu nawafikiria), nasema wazo la mwanafunzi kuwa na sauti ndani ya chuo ni la zamani sana.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndo shule yenyewe ilipo. Mji wa Porto Alegre kule Brazil ulianza mwaka 1989 kuwaachia wakazi waamue wenyewe sehemu ya bajeti itumike wapi, kwa mikutano ya mitaa na wawakilishi wanaofuatilia, na baadae miji mingi duniani ikaiga. Chuo kinaweza kufanya hivyohivyo kwa kidogo tu. Tenga fungu, liwe dogo lakini la kweli, wanafunzi walete mapendekezo, wayajadili hadharani, wapige kura, alafu mhasibu wa chuo akae nao awaonyeshe pesa inatokaje, zabuni ni nini, risiti inatunzwa wapi. Kwenye kamati yetu tulibishana kweli kweli kati ya taa za njia ya maktaba na jezi za michezo. Watu wa michezo walikuwa wengi na wana kelele, ila dada mmoja mpole alisimama akaeleza anavyorudi hosteli usiku baada ya kusoma, taa zikapita. Watu wa jezi walinuna wiki nzima, ila walikubali kwasababu walisikilizwa na walizijua hesabu. Kukubali umeshindwa bila kuvuruga kikao sijawahi kuona kunafundishwa kwa slaidi.

Kuhusu walezi, yaani wale watumishi wa chuo wanaopangiwa kusimamia wanafunzi, mtu ninayemkumbuka siku zote ni Ella Baker, mwanaharakati wa haki za watu weusi Marekani. Februari 1960 wanafunzi wanne weusi walikaa kwenye kaunta ya chakula ya wazungu pale Greensboro, Marekani, wakagoma kuondoka, na harakati ikaenea vyuo vingi kwa haraka. Mwezi Aprili mama huyu akaitisha mkutano wa wanafunzi hao Chuo Kikuu cha Shaw, chuo alichosoma mwenyewe. Wakubwa wengine walitaka vijana wawe tawi la taasisi zao, yeye akasimamia kwamba waamue wenyewe, ndipo ikazaliwa SNCC, chama cha wanafunzi wenyewe. Mlezi mzuri yuko hivyo, anatafuta ukumbi, anawaunganisha watu, anauliza maswali magumu, alafu anakaa pembeni. Walezi wengi niliowaona wanawaandikia wanafunzi mpaka hotuba.

Na tusiishie kwa viongozi waliochaguliwa, hao ni wachache mno. Mwanafunzi wa kawaida anajifunza uraia darasani kama mwalimu akitaka. Darasa la takwimu likusanye takwimu za tatizo ambalo halmashauri ya pale inalijadili kweli, darasa la uhasibu lisome bajeti ya umma, uhandisi waende kwenye kikao cha wananchi wasikie kwanini mradi wa maji umekataliwa. Iwe na alama, maana bila alama hamna atakayeamka asubuhi. Na matokeo yarudishwe kwa wale watu waliohojiwa, sio yaishie kabatini. Hizi ziara za kupanda miti na kupiga picha na fulana zinazofanana mimi zinanichosha, mti wenyewe hakuna anayerudi kuumwagilia.

Makabidhiano ya ofisi nayo ni janga. Muhula ni mwaka mmoja, kila baraza jipya linaanza sifuri. Wapishane mwezi mmoja waliopo na wanaoingia, nyaraka zitunzwe maktaba, basi.

Angalieni pia nani anashindwa hata kugombea. Vikao vya saa nne usiku vinawaondoa wanaokaa nje ya chuo, wenye watoto, wanaofanya kazi. Kampeni zisizo na ukomo wa matumizi zinawaachia wenye pesa, na mabinti wengi huwa wanatukanwa wakati wa kampeni chuo kikiangalia tu kana kwamba ni utani. Wekeni ukomo, wekeni adhabu kwa matusi, vikao viwe mchana.

Kubwa zaidi ni hofu. Chuo kinaweza kuwa na kozi ya uraia nzuri kabisa, lakini kama waziri wa serikali ya wanafunzi akiuliza ada imetumikaje anaitwa kamati ya nidhamu, chuo kizima kimeshajua pa kunyamaza. Kanuni ziandikwe wazi kipi ni kosa na kipi ni haki, kuuliza na kukosoa kuwekwe upande wa haki, na rufaa isikilizwe na mtu mwingine tofauti na yule aliyelalamikiwa. Na kanuni hizo wanafunzi wazipitie kabla hazijapitishwa, wakiwa na rasimu mkononi na muda wa kutosha kuisoma.